Faulo ya Tano

Kabla watu hawajampenda Ngazi, walikuwa wakiicheka timu ya mpira wa kikapu ya Bohari mpaka mbavu zinawauma. Wengi wao leo watakuapia kwamba hawakucheka. Karani hakuwabishia. Yeye alikuwa na karatasi za mechi za miaka ishirini na miwili, zimefungwa kwa kamba chini ya kitanda, na mkewe alizilalamikia kila alipofagia.

Siku za kazi aliandika magunia yanayoingia na kutoka bohari. Jumamosi alikaa kwenye meza ya waamuzi ukumbini, kalamu nyekundu mkono huu, ya bluu ule, akiandika nani kafunga, nani kafanya faulo, dakika ya ngapi. Enzi zile Bohari ilifungwa hata na timu za shule. Watu waliingia ukumbini kujikinga na mvua, kisha wakatoka mbio, maana ndani kulivuja kuliko nje. Mwenyekiti wa klabu aliahidi paa jipya. Aliahidi mwaka wa kwanza, akaahidi wa pili, na kufikia wa saba ahadi yenyewe ilikuwa imeota kutu kuliko paa.

Kisha akaja Ngazi. Alikuwa mpwa wa Karani, mtoto wa dada yake aliyefariki, akalelewa nyumbani kwa mjomba tangu ana miaka tisa. Alirefuka hadi mke wa Karani akawa anamwita kuzima taa isiyo na swichi. Mpira alijifunza ukumbini mle mle, akimsubiri mjomba amalize kuandika. Na mjomba alimfundisha jambo moja tu: "Usitazame watu, mwanangu. Watu ni upepo. Ukipotea, tazama meza. Meza haikudanganyi."

Ndani ya misimu mitatu, Bohari ikawa haifungiki. Waliocheka wakanunua jezi. Kazini kwa Karani kulikuwa na mpakiaji mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuzimika tangu asubuhi mpaka jioni. Huyo ndiye alikuwa wa kwanza kusema kwamba Ngazi ni mtoto wao.

"Tumemlea sisi huyu," alisema, gunia begani.

"Nyinyi nani?" Karani akauliza.

"Mzee nawe! Si alikuwa anapita hapa? Mtu akipita kwako kila siku huyo umemlea. Halafu mwone alivyo na adabu: akifunga hacheki. Watu wenye heshima ndivyo walivyo."

Karani akacheka, akaandika gunia lake. Moyoni alifurahi, wala hakuona haya kufurahi.

Fainali ikachezwa siku ya mvua. Ukumbi ulijaa hadi watu walikaa kwenye ngazi za milangoni. Robo ya nne, matone yakaanza kudondoka juu ya meza ya waamuzi, tena si kando, juu ya karatasi kabisa.

Hapa inabidi ieleweke sheria moja, nayo ni nyepesi. Timu ikifikisha faulo nne katika robo, karani wa meza husimamisha kibao chekundu upande wa timu hiyo. Kibao kile ni onyo: kuanzia sasa, mkimgusa mtu, wapinzani wanapewa mitupo miwili ya adhabu. Kama kibao hakijasimama, faulo ya kawaida haina hasara kubwa. Wapinzani hurusha tu mpira kutoka pembeni. Ubao wa taa ukutani nao ungeonyesha faulo, lakini namba zake zilikufa zamani. Mwenyekiti aliahidi na huo.

Faulo ya nne ya Bohari ilipopigwa filimbi, Karani aliiandika. Wino ukaanza kutambaa. Akatoa leso, akafuta, akainamia karatasi kwa kifua kama mama anayemkinga mtoto. Wino ukapona. Kibao chekundu kikabaki kimelala.

Zikabaki sekunde tatu. Bohari walikuwa mbele kwa pointi moja. Mpinzani mmoja akatoroka na mpira, amebaki yeye na kikapu. Ngazi akageuza shingo, akatazama meza. Hakuona chekundu. Akamshika yule mtu mkono.

Refa akaja mezani. "Ya ngapi?"

Wakati ule Karani angeweza kusema ya nne. Watu elfu moja wangembeba mabegani. Lakini mkono ulioandika miaka ishirini na miwili ulikuwa umekwisha kushuka kwenye karatasi, na mdomo ukaisoma.

"Ya tano," akasema.

Mitupo miwili. Yote ikaingia. Bohari ikafungwa kwa pointi moja. Kelele zilipopanda, Ngazi alikuwa angali amesimama, macho yake yako kwenye kibao kilicholala, kisha kwa mjomba wake, kisha chini. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake, wala kwenye mkutano wa waandishi. Kocha ndiye aliyesema: hakumtuma mtu amshike mtu.

Basi. Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa unajua kwamba Ngazi ameuza mechi. Nani aliona? Hakuna. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nalo lilikuja kwa miguu minne. Mchezaji mwenye akili kama ile, sekunde tatu, mbele kwa pointi moja, amshike mtu kwa bahati mbaya?

"Mimi nilimshtukia mapema," Redio akawaambia wenzake, hajali kwamba Karani yuko mlangoni. "Mtu gani anafunga kikapu hacheki? Huyo ana siri. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu."

"Mwaka jana ulisema ni heshima," Karani akamwambia.

"Mzee, mwaka jana ni mwaka jana."

Watu wakavunja kwa jiwe dirisha la sebule ya Ngazi, ambaye sasa alikuwa na nyumba na familia yake. Binti yake wa miaka mitano akarudi kutoka chekechea na swali, akamuuliza mbele ya mjomba mtu: "Baba, ile mechi uliiuza duka gani?" Ngazi akamkalisha mapajani, akamfunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Karani hakulala vizuri wiki ile. Siku ya nane alivaa shati lake la kuendea ofisi za watu, akaichukua ile karatasi, wino umevimba kwenye robo ya nne, akaenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alimkaribisha vizuri. Watu wa aina yake hukaribisha vizuri sana. Alisikiliza mpaka mwisho, akiizungusha kalamu yake.

"Kwa hiyo unasema kosa ni lako."

"Ni langu. Sikusimamisha kibao. Kijana alitazama meza, meza ikamdanganya."

"Na kwa nini hukukisimamisha?"

"Maji yalikuwa yanadondokea karatasi."

Kalamu ikasimama. "Maji ya wapi?"

"Ya paa, Mwenyekiti."

"Mzee wangu," Mwenyekiti akasema, taratibu, "kamera ilifuata mpira. Haikukuonyesha wewe, haikuonyesha kibao. Una ushahidi gani? Karatasi yako inasema faulo ilikuwa ya tano. Kweli ilikuwa ya tano. Mechi hairudiwi. Sasa unataka tuwaambie watu nini, paa ndilo lililotufunga?"

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani ukapumzike."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha redio, akaomba aingizwe katika kipindi cha michezo cha jioni, na kwa kuwa jina la Ngazi lilikuwa linauza, wakamwingiza. Akaeleza yote: leso, wino, kibao, paa. Alieleza kwa utaratibu, dakika kwa dakika, kama anavyoandika. Mtangazaji akamwacha amalize, kisha akauliza swali moja tu.

"Mzee, Ngazi ni nani wako?"

"Ni mpwa wangu. Nimemlea."

"Aaa," akasema mtangazaji.

Ile "aaa" ndiyo iliyobaki. Simu zikapigwa kituoni mpaka kipindi kikaongezewa nusu saa. Kumbe mjomba yuko mezani! Miaka yote mjomba anamwandikia mpwa! Watu walewale waliokuwa wakimsalimu "shikamoo, mjomba wa Ngazi" wakigombea kiti cha karibu na meza, leo walishangaa kusikia kwamba ana mpwa. Aliyetaja paa ni mmoja tu, naye alikatwa kwa kuwa laini ilikuwa mbaya.

Kufikia mwisho wa wiki, chama cha mchezo kilimwondoa Karani mezani. Ngazi, ambaye mwanzoni alionywa tu, akasimamishwa msimu mzima, "kufuatia taarifa mpya." Taarifa mpya yenyewe ilikuwa ukweli wa mjomba wake.

"Ungenyamaza," mkewe alimwambia, akimchotea chakula. Hakumlaumu, aliumia tu. "Mtoto alikuwa ameshakunyamazia."

"Ndiyo maana nilisema."

"Najua, baba. Najua. Kula."

Msimu mzima Ngazi alibeba magunia bohari, bega kwa bega na Redio, akapewa yale mazito. Timu ikafungwa, ikafungwa tena. Ukumbi ukaanza kubaki na viti vitupu, na hapo, kama mnavyowajua wakubwa, Mwenyekiti akakumbuka kwamba vijana hukosea na wazee husamehe.

Ngazi akaja kwa mjomba wake siku moja alasiri, akakaa kwenye kiti kifupi, magoti yanamfika kidevuni. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa.

"Wananirudisha, mjomba. Mechi ya kwanza ya msimu. Ila nisome hii mbele ya watu."

"Inasema nini?"

"Kwamba nimewakosea. Kwamba niliteleza, tamaa ikaniponza. Haijasema kitu gani hasa. Kila mtu atasikia anachotaka."

"Lakini hukufanya!"

"Mjomba, tulia. Nikisema sikufanya, ina maana wao ndio waliofanya. Wao ndio waliotupa jiwe, wao ndio waliomwambia mtoto wangu maneno. Unadhani watakubali? Mtu aliyekosa wanamsamehe, tena kwa raha zao. Ila mtu waliyemsingizia hawataki hata kumwona. Nina miaka ishirini na saba. Mguu huu una misimu minne, mitano. Sitaki kuimalizia kwenye magunia."

Karani alitaka kumjibu. Alikuwa na hoja nyingi, amezipanga mwaka mzima kama karatasi zake. Zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja ambayo ingemrudisha kijana uwanjani.

"Kuna sentensi inakuhusu," Ngazi akasema. Sauti yake ilishuka. "Wameiweka wao. Nimewaomba waitoe, wamekataa."

"Isome."

"Mjomba wangu alisema uongo kwa sababu ananipenda. Naye mumsamehe."

Nje, jirani alikuwa anagongea msumari ukutani. 

"Sijaandika uongo hata siku moja," Karani akasema. "Hata gunia moja."

"Najua. Wala sikuombi useme chochote. Nakuomba uje, ukae. Wakuone umekaa."

"Na nisipokuja?"

"Mwenyekiti anasema usipokuja itaonekana hatujamaliza."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na mtoto atakuwepo?"

"Atakuwepo."

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa tena. Karani alikaa kwenye viti vya watazamaji, upande ambao hakuwahi kukaa maishani mwake, akashangaa jinsi meza inavyoonekana ndogo kutoka pale. Kijana asiyemfahamu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Katikati ya uwanja Ngazi alishika kipaza sauti, akasoma. Hakukosea neno. Alipofika kwenye ile sentensi hakusita, hakuinua macho, akapita juu yake kama mtu anayepita juu ya maji ya moto.

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata kumi, ukafuata ukumbi. Watu wakasimama. Wanaume wazima wakafuta machozi. Redio, safu tatu mbele, alikuwa amepanda juu ya kiti, analia kwa sauti: "Mtoto wetu! Karudi mtoto wetu!" Walikuwa wamependeza, hilo lazima lisemwe. Walikuwa na nyuso za watu wanaotoa sadaka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa mtu anayedaiwa.

Mama mmoja aliyekaa kando ya Karani, mtoto mchanga amelala mgongoni mwake, akamtazama, akamtazama tena.

"Wee! Si ndiye mjomba mwenyewe huyu?"

Karani akarekebisha miwani yake.

"Ndiye! Jamani, mjomba yuko hapa!" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, yenye joto, yenye nia njema kabisa. "Baba, usijisikie vibaya. Mzazi ni mzazi. Hata mimi kwa huyu wa mgongoni ningedanganya. Tumekusamehe na wewe."

"Mama, mimi siku ile—"

"Yamekwisha! Usiseme tena, yamekwisha!"

Na safu yote ikageuka. Mzee wa nyuma akampigapiga bega: tumekusamehe. Vijana wawili wa jezi wakainama kwa adabu: mjomba, tumesamehe. Mkono baada ya mkono ulikuja juu ya vichwa vya watu, naye, kila alipofungua kinywa, aliukuta mwingine umeshafika. Upande wa pili wa uwanja mtoto wa Ngazi alikuwa ameinuliwa begani na mama yake, anapunga, anacheka, hana swali lolote.

"Asante," Karani akasema.

"Haya, ndivyo inavyotakiwa," mama yule akasema.

"Asante. Asanteni."

Filimbi ikapigwa, mpira ukarushwa juu. Kikapu cha kwanza kikafungwa, ukumbi ukalipuka, na Karani hakuona ni nani aliyekifunga, maana bado walikuwa wanampa mikono.