Sato wa Wageni

Najat aliketi kwenye benchi la wodi, barakoa imemfika machoni, homa ikimpanda. Dawa za saratani zilikuwa zimeteketeza chembe nyeupe za damu yake. Mafua ya jirani yangetosha kumzika. Kilichomrudishia uhai kila mara ni sindano mpya ya kuzichochea chembe hizo, iliyokuwa ikijaribiwa katika hospitali hiyo ya Musoma. Leo wafadhili wa majaribio walikuja kusherehekea ufanisi wake, na Najat angesimamishwa mbele yao awe ushahidi.

Mama yake, Kudura, muuza samaki wa Kigera, alileta sato asubuhi kwa agizo la Daktari Wenceslaus. Alichagua wanono, akawaparua magamba kwa mkono wake, akakataa malipo. Ni hidaya, alisema.

"Sista Pelagia, mtoto anachemka. Mchome sindano yake kwanza."

Muuguzi akatazama dirishani. Kiboksi cha dawa kilikuwa kimeachwa juani.

"Hiyo haifai tena, Mama Najat. Imepata joto."

"Si inakaaga kwenye friji?"

"Inakaaga. Lakini friji ni moja, na daktari kasema samaki wa wageni wasioze."

"Samaki wangu?"

Pelagia akakiondoa kiboksi dirishani.

Daktari akaingia, tai imemkaba, manukato yametangulia.

"Ipo nyingine, Daktari?"

"Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, mama. Majaribio yamefungwa. Ikisajiliwa, utaikuta madukani."

"Na mwanangu?"

"Asimame kidogo tu, awapungie mkono. Habari za friji tuziache humuhumu, eti?" Akacheka. "Sato wako hao! Mimi ningekuwa mgeni, ningehamia Musoma."

"Astaghafirullahi," Kudura alinong'ona.

"Sista, mfunge mtoto kitambaa," daktari akaagiza.

Pelagia akamfunga Najat kitambaa kipya juu ya kichwa kisicho na nywele, akamwongoza ukumbini. Miguu ya binti ilikuwa ikikokota kandambili.

Kudura akabaki na jokofu. Akalifungua. Sato walikuwa wamelazwa safu kwa safu kwenye rafu ya dawa, macho maangavu, hapana inzi aliyewagusa. Akaweka juu yao kiganja kilichokuwa bado na joto la paji la uso la mwanawe.

Ukumbini makofi yakapigwa, yakarefuka, kisha yakakatika ghafla. Kiti kikaanguka. Mtu akaita, "Maji! Leteni maji!"

Samaki walikuwa baridi, wabichi. Hakuna hata mmoja aliyeharibika.