Mohamadi Anangoja Roboti

Mohamadi alikuwa fundi magari hodari wa mtaa wa Buyenzi, na kama mafundi hodari wengi, alikuwa mbishi. Daktari Térence alipomwambia alazwe apasuliwe tumbo, yeye alitaka kwanza kujua atapasuliwa kwa chombo gani.

"Kwa kisu," daktari akasema.

"Apana, dokteri. Mudogo wangu Anouar ananiambia kule Bruxelles kuko roboti. Inatoboa matundu kidogo tu, inaingiza kamera, inakata ndani. Kesho yake mutu anatembea. Mi nitangoja viza."

Daktari hakukasirika. Alimweleza kwamba Ulaya, hata kabla ya roboti, madaktari walikuwa wakipitia matundu yale yale kwa mikono yao wenyewe, wakitazama kwenye televisheni. "Mukono ao roboti, mugonjwa anapona mbiyo, kovu inakuwa kidogo. Lakini kwa ugonjwa yenyewe, tofauti na kisu haiko kubwa. Cha maana ni kuitoa mapema, mbele itembee mwilini." Alisema hayo akimtazama Kudra, mke wa Mohamadi, na Kudra akainamisha macho.

Maana Kudra alijua. Daktari alikuwa amewaita pembeni, yeye na mama mkwe wake Bi Assia, akawatajia kanseri ya utumbo. Ndiyo ada yetu: jamaa huambiwa, mgonjwa hatajiwi. "Ukimutajia jina, woga itamuua mbele ya ugonjwa," Bi Assia alisema, na daktari, ambaye naye ni mtoto wa mji huu huu, akaridhia. Mohamadi akaambiwa ana kidonda tumboni. Na mwenye kidonda ana haraka gani?

Basi akangoja. Vita vya waasi vikapamba moto, makombora yao yakaanguka mjini kutoka milimani, na viza haikuja. Yeye amejilaza mkekani, simu sikioni, Anouar anamsimulia mikono ya chuma isiyotetemeka. Aliifurahia roboti ile kama gari jipya. Suruali zikaanza kumvuka. Kudra alimbembeleza, akamnunia, akamletea hata imamu nyumbani. Kila hoja aliitumia ila ile moja, na ni ile moja tu iliyokuwa na nguvu. Mungu wangu, jinsi mwanamke yule alivyojichukia!

Asubuhi moja Mohamadi akashindwa hata kumeza uji. Kudra akaweka kikombe chini.

"Baba Hamimu, haiko kidonda. Ni kanseri. Tangu siku ya kwanza."

Mohamadi alimkodolea macho, kisha akaomba shati lake. "Twende kwa dokteri. Akate na kisu, akate na musumeno, akate na chochote anataka."

Walipita vizuizi vya askari, Mohamadi akimwegemea mkewe, wakafika. Daktari Térence alimpapasa tumbo, akampiga picha, akarudia kumpiga picha. Weupe wa macho ya Mohamadi ulikuwa umegeuka manjano. Daktari akaketi, na safari hii hakumwita Kudra pembeni.

"Imefika kwenye ini. Sasa kisu haisaidie tena. Hata roboti haisaidie."

"Na ile siku ya kwanza?"

"Ile siku ningeitoa."

Kudra akaangua kilio. Mohamadi hakumgeukia, aliendelea kufunga vifungo vya shati, polepole, mpaka akamaliza.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Na Anouar?"

Kudra akatikisa kichwa kukubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu siku ile ile.

"Anouar anajua," Mohamadi akasema, "na kila siku ananihadisia roboti."

"Alitaka usivunjike moyo, Baba Hamimu. Sisi wote."

Hapo ndipo alipomgeukia. Hakupaza sauti, na Kudra angependa mara mia apigiwe kelele.

"Mi ningekubali kisu, Kudra. Mungeniambia tu, ningelala palepale."