Mlango wa Upande wa Abiria

Kioo cha upande wa abiria kilianza kutetemeka binti yao akiwa bado anatambaa. Gari likikanyaga hata kijishimo, kinagonga kama meno ya mtu mwenye baridi, na mke anamgeukia mumewe: "Bwana Kesho, lini?" Mume alikuwa fundi saa, sifa zake zimeenea mtaa mzima kwa kurudisha saa za watu siku hiyohiyo. Lakini kwa kioo hicho jibu lake lilikuwa moja tu: "Kesho, mama." Mke, mshonaji mwenye vidole vyepesi, anacheka, anakunja kipande cha boksi, anakichomeka kati ya kioo na mlango, safari inaendelea.

Miezi minne baada ya kumzika mkewe, fundi saa alifunga kibanda chake akaanza kulifufua lile gari. Injini alimwachia mtu wa injini. Rangi akamwachia mtu wa rangi. Vioo hakutaka mtu aviguse. Alikuwa ameahidi yeye, hata kama aliyeahidiwa hayupo tena.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango wa upande wa mkewe. Alitoa mkono wa kuzungushia kioo, akabandua ubao wa ndani, akakichomoa kioo taratibu na kukilaza juu ya blanketi. Katika mifereji ya chuma ambamo kioo hupanda na kushuka, mipira yenye manyoya inayokibana kioo kisitetemeke ilikuwa imekwisha kabisa. Manyoya yamenyonyoka, mpira umekauka, ukiuvuta unavunjika mkononi. Aling'oa kipande kwa kipande kwa koleo, kisha akakwangua kutu.

Alipopitisha mkono chini ndani ya mlango, ukakutana na karatasi za boksi zilizokunjwa. Ni zile za mkewe, zilizoponyoka moja moja zikadondokea humo. Alicheka peke yake, akaanza kuzikunjua. Boksi la sabuni. Boksi la sindano za cherehani. Kisha boksi la dawa, na jingine, na jingine, hadi yakafika kumi na moja. Yote ya dawa za maumivu, yote yameandikwa jina la mkewe kwa kalamu, pamoja na tarehe.

Alivaa miwani, akasoma tena. Tarehe ya kwanza ilitangulia kwa miaka miwili siku ile mkewe alipokaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Mume wangu, tumbo limeanza kunisumbua."

Limeanza!

Mdogo wa marehemu alikuwa ndani ya nyumba, anapanga nguo za dada yake za kugawa. Alitoka na nguo mkononi, akayaona maboksi yamepangwa chini kando ya gari.

"Ulijua?" fundi saa alimwuliza.

"Shemeji..."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye nilikuwa namsindikiza. Alikuwa anameza humo ndani ya gari, ukishuka kununua gazeti."

"Na ukanyamaza! Tungewahi hospitali, tungewahi!"

"Tuliwahi, shemeji." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Siku ya kwanza tu walimwambia ugonjwa wake hauponi. Akaniapisha. Akasema, mwache mume wangu acheke kidogo, akijua atakuwa ananichungulia kila nikimeza mate."

"Mimi nasikia saa inayochelewa sekunde mbili," fundi saa alisema. "Yeye nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, sikusikia kitu." Halafu akapandisha sauti: "Nenda kwako. Nenda, sitaki kukuona."

Shemeji hakwenda. Alirudi ndani kwenye nguo zake.

Fundi saa akashika kazi, maana mikono isingeshika kitu ingevunja kitu. Alipima mpira mpya, akaukata. Ukawa mfupi kwa upana wa kidole. Akakata mwingine. Aliupaka gundi, akausukumiza kwenye mfereji hadi ukakaa. Lakini kioo hakirudi mlangoni kwa mtu mmoja. Kila akikiingiza kinapinda, na mara ya tatu nusura kimponyoke. Ndipo mikono mingine ikakishika kwa juu. Hakugeuka.

"Teremsha," alisema. "Polepole. Kwako kidogo. Hapo hapo."

Kioo kikaingia. Wote wawili wakabaki wamekishika, kama vile hakuna anayejua kuachia.

"Siku hiyo ya kwanza," alisema hatimaye, "mlipotoka hospitali, mlikwenda wapi?"

"Kununua vifungo."

"Vifungo?"

"Alikuwa amemwahidi jirani kumshonea mtoto sare. Alichagua muda mrefu sana, shemeji. Hivi vinang'aa mno, hivi vitakatika. Nikamwambia twende nyumbani, akasema, mtoto ataenda shule kifua wazi?"

Fundi saa aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu, akalia kwa sauti, yeye ambaye makaburini watu walimsifu kwa uvumilivu. Shemeji akakaa kando yake.

Gari lilikamilika mwezi uliofuata, na wapita njia walisimama kulitazama. Aliliendesha mara moja tu, hadi kwa binti yake; njia nzima kioo hakikugonga, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Akamwachia funguo, akarudi kwa miguu.