Picha za Ruphin Ziko Marekani

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kupigwa picha na mtu ambaye hata salamu hajakupa? Kama bado, tulia nikusimulie ya Célestine, fundi wa nguo kutoka Bukavu. Yeye na mume wake walipigwa picha kila Alhamisi kwa miaka minne, na siku alipoihitaji moja, moja tu, hakuwa nayo.

Chumba chao cha kushonea kilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya Johannesburg, kwenye jengo la zamani ambalo lifti yake iliharibika kabla wao hawajafika. Chini kabisa kulikuwa na duka la blanketi, juu yake kanisa lenye viti vyekundu vya plastiki, halafu ngazi tena, ndipo unafika kwao. Dirisha lilikuwa moja, refu, linatazama robot ya kona, yaani taa za barabarani, na teksi zilizosimamishwa na taa nyekundu zilipiga honi mpaka kioo kikatetemeka. Vyerehani viwili vilitazamana. Cha Célestine kilikuwa cheusi, cha kukanyaga kwa miguu. Cha mume wake Ruphin kilikuwa cha umeme, na waya wake aliufunga kipande cha kitenge cha njano pale ulipochubuka. Karibu na mlango alikaa Vestine, Mrundi msusi, na kioo chake na makopo yake ya mafuta.

Ruphin alifariki wiki moja kabla ya Pasaka, mwaka 2018. Alilala akilalamika bega. Asubuhi Célestine akaweka chai mezani, akamwita mara mbili, akaenda kumgusa mguu. Basi. Walimzika Jumamosi, na Jumatatu kila mtu akarudi kazini, maana walinzi wana zamu na wauza nguo wana wateja. Kwao Bukavu watu wangekaa naye chini kwenye mkeka wiki nzima. Hapa walisema pole wakiwa wamesimama, mkono mmoja uko mlangoni.

Naye akarudi kwenye cherehani. Hakulia. Aliyangoja machozi kama mtu anayengoja maji ya bomba yaliyokatwa: unafungua, unasikia hewa, unafunga. Alikunja pindo, akashona pindo, akakunja lingine. Kiti cha Ruphin kilibaki pale pale, na mto wake mdogo wa kukalia ulikuwa bado na bonde katikati. Hakuna aliyekikalia.

Kilichokuwa kikimsumbua, kama kuna kitu kilichoweza kumsumbua siku zile, ni picha. Matanga yangemalizwa siku ya arobaini, pale kanisani, na kwenye meza mbele huwekwa picha ya marehemu ili watu wamtazame wakati wa kumzungumzia. Célestine hakuwa nayo. Za ujana wao zilibaki Bukavu na nyumba. Za kwenye simu ziliibiwa pamoja na simu kwenye kituo cha teksi. Ilikuwepo ya kwenye kibali cha ukimbizi cha Ruphin, iliyotolewa nakala mara nyingi. Aliipeleka kwa Pacifique, mwenye mashine ya kuchapisha, naye akaikuza, akaitazama, akaigeuza.

"Mama Célestine, nisikudanganye. Hapa hakuna sura tena. Hii ni masharubu na mashimo mawili. Nikiikuza zaidi itakuwa doa."

Vestine naye alitafuta kwenye simu yake usiku kucha, akapata moja, ya sherehe ya kipaimara. Ruphin ameinama anaokota kifuniko cha soda.

"Dada, samahani," alisema. "Ni yeye, lakini ni upande wa nyuma."

"Ni yeye kabisa," alisema Célestine, akaendelea kushona.

Sasa sikia. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuja Pitchou. Huyu ni mtu wa Lubumbashi, hodari wa Kiingereza, kazi yake kutembeza wageni kwa miguu. Anawachukua Newtown, anawaonyesha masoko, anawapandisha ngazi mpaka kwa Célestine, wanakaa dakika kumi na tano, anawashusha. Wengi wao walikuwa Wamarekani.

Nisiwasingizie, hawakuwa watu wabaya. Walivaa viatu vya kupandia milima kuja kupanda ngazi. Mikoba waliivaa kifuani, maana hotelini waliambiwa mjini kuna wezi, na hata walipokukumbatia mkono mmoja ulibaki umeushika mkoba. Walicheka kabla hujasema kitu. Walisema kila kitu ni kizuri: kitambaa kizuri, dirisha zuri, hata ule waya wenye kitenge waliusifu. Halafu simu zikainuliwa, kacha kacha, na maswali ambayo kwetu mtu anayauliza baada ya mwaka wa kufahamiana wao waliyauliza wakiwa bado wanahema kwa ngazi: ulikimbiaje vita, ulifiwa na watoto wangapi, unalala salama hapa?

Ruphin aliwapenda. Walipotoka aliwaigiza, akiupandisha mto wake kifuani kama mkoba. "O mai gadi! Sindano! Hii ni sindano ya kweli?" Vestine alicheka mpaka akaachia nywele za mteja.

"Hawa wanasalimia kwa meno," alisema Vestine.

"Si uwafundishe?" alimjibu Ruphin. "Waandikie karatasi wapewe kwenye kiwanja cha ndege. Moja, ingia polepole. Mbili, salimia. Tatu, kaa."

"Nne, wasinishike nywele. Msusi ni mimi, si wao."

Kukaa, hapo ndipo palipomkera Célestine tangu mwanzo. Kwao mgeni akiingia anapewa kiti, anapewa maji, ndipo mambo yanasemwa. Wale hawakukaa hata siku moja. Viti vilikuwepo. Maji alimimina mwanzo mwanzo, glasi sita kwenye sinia, nao wakatabasamu, wakainua chupa zao wenyewe kuonyesha wanayo. Baadaye aliacha kumimina.

Na kila mmoja aliyempiga Ruphin picha aliahidi kuituma. Waliandika namba kwenye vidaftari. Mama mmoja hata aliweka mkono moyoni. Miaka minne, hesabu mwenyewe Alhamisi zake. Haikuja hata moja. Ruphin hakuwadai. "Mgeni haombwi kitu," alisema. Pitchou alisema hivyo hivyo kwa sababu zake: "Mama, msiwaombe kitu. Wakiombwa wanaenda kuandika kwenye mtandao kwamba tunasumbua, na mimi kazi inakwisha."

Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, wageni waliingia wakiwa na karatasi ya matangazo ya Pitchou, imeandikwa mafundi wawili, mume na mke. Wakatazama kiti, wakauliza mume yuko wapi.

Célestine akamtazama Pitchou. Pitchou akatazama saa.

"Amesema mume ameenda kununua uzi," akawaambia kwa Kiingereza, na Célestine, ambaye Kiingereza cha kununua na kuuza anakijua, alielewa.

Wakafurahi. Mmoja akaacha chokoleti juu ya kiti, ya Ruphin akirudi.

Walipotoka Vestine aliichukua ile chokoleti kwa ncha za vidole. "We Pitchou hata aibu huna? Marehemu umemtuma dukani?"

"Nifanyeje?" Pitchou alirudi mlangoni, sauti chini. "Niwaambie amekufa wakiwa wamesimama hivi, mikoba kifuani? Ungependa hivyo, mama?"

Célestine hakupenda. Hapo Pitchou alikuwa amemshika. Msiba kwao hauambiwi mtu aliyesimama. Mama yake alipokufa, mjomba wake alimkalisha, akampa maji, akamuuliza habari za njia na za kuku, saa nzima ikapita, ndipo akamwambia. Kumrushia mtu kifo akiwa amesimama ni kama kumtukana yeye na maiti pamoja. Kwa hiyo alinyamaza. Na Alhamisi iliyofuata Ruphin alienda tena kununua uzi. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Chokoleti moja, kofia moja, kalamu yenye bendera. Célestine aliviweka kwenye kopo la vifungo, hakuona uchungu wala hasira. Aliona vitu tu, kwenye kopo.

Jambo moja lilimrudia kila alipokanyaga cherehani: kuna nyumba huko Marekani, nyingi, ambazo ukifungua simu Ruphin yumo. Anatunga uzi. Anacheka. Uso wake mzima upo, na kovu la kidevuni. Watu wasiojua amekufa wanaye, na yeye aliyemfumba macho ana mashimo mawili na masharubu.

Ikafika Alhamisi ya mwisho kabla ya arobaini. Matanga Jumamosi. Asubuhi ile baridi ilikuwa imeanza, Célestine amejifunga shuka kiunoni. Wageni walikuwa saba. Sita waliingia kama kawaida, simu juu. Wa saba walimsikia kabla ya kumwona, akipumua ngazini kama mtu anayesukuma kabati. Alikuwa mama mnene, mzee, amevaa kofia ya sufu ya bluu, magoti yake yote mawili yamefungwa bendeji juu ya suruali. Akasimama mlangoni. Simu hakuitoa. Alimtazama Vestine, akainamisha kichwa. Akamtazama Célestine, akainamisha kichwa.

"Jambo," alisema, lile neno wanalofundishwa kwenye ndege. Halafu akauliza kitu kwa Kiingereza, polepole.

"Anaitwa Lorraine," Pitchou alisema. "Anauliza kama anaweza kukaa. Magoti."

Viti vya Vestine vilikuwa na wateja. Cha Célestine amekikalia mwenyewe. Kilibaki kimoja.

Vestine aliacha kusuka. Célestine aliinuka, akakung'uta ule mto, akaugeuza upande usio na bonde, akasema, "Karibu."

Yule mama akakaa. Kiti kililia vile vile kilivyokuwa kikimlilia Ruphin. Célestine akaenda kwenye ndoo, akamimina maji kwenye glasi, akampelekea kwa mikono miwili. Mwanamume mmoja wa kundi akamwambia Lorraine kitu haraka na kuinua chupa yake. Lorraine aliitazama glasi. Unajua mtu akijiuliza kama maji yatamuumiza tumbo? Hivyo. Kisha akainywa, yote, mpaka chini, akaishika mapajani bila kujua pa kuiweka.

Akauliza tena, na Célestine hakuhitaji tafsiri. Aliuliza kiti hiki ni cha nani.

"Tuna dakika tano, mama," Pitchou alisema. "Nitamwambia ameenda kununua—"

"Pitchou."

"Naam, mama."

"Ameketi. Amekunywa maji. Wewe ni mtoto wa wapi?"

Pitchou akaikunja ile karatasi yake ya matangazo.

"Leo utasema nitakachosema. Usiongeze, usipunguze."

"Mama, wataandika..."

"Waandike. Mwambie ni cha mume wangu Ruphin. Alifariki. Jumamosi tunamaliza matanga."

Pitchou alivua kofia yake kwanza, ndipo akasema. Simu zikashuka moja moja. Yule mwenye chupa akaanza kuja, mikono imefunguka tayari, uso umekunjamana kwa huruma, na Lorraine akainua kiganja bila kumtazama, akamzuia pale pale. Hakusema pole. Hakusema wewe una nguvu. Alitaka kuinuka kitini, Célestine akamkandamiza bega, akabaki. Akakaa tu, glasi mapajani, anamtazama Célestine, na teksi zikapiga honi, robot ikabadilika, zikaondoka, zikaja nyingine. Dakika tano zikaisha. Pitchou hakutazama saa.

Célestine alisubiri kuona kama kutakuja kitu kifuani. Hakikuja. Kulikuwa na hewa tu, ile ya bomba, lakini safari hii aliisikia inasukuma. Akafungua kopo la vifungo, akatoa kalamu yenye bendera, akaiweka mkononi mwa yule mama.

Lorraine aliigeuza kalamu, akauliza kwa sauti ndogo, na Pitchou akatafsiri: "Anauliza aandike nini."

Kwa muda Célestine aliona maneno ya Ruphin yanampitia, kwamba mgeni haombwi kitu. Akayaacha yapite.

"Mwambie, kila Alhamisi miaka minne watu wa kwao walikuwa wanampiga picha. Wote waliahidi. Mimi sina hata moja, na Jumamosi meza iko tupu. Awatafute anaoweza. Mwambie sitaki chokoleti, sitaki kofia." Alishika ukingo wa cherehani cha Ruphin, pale kwenye waya wenye kitenge cha njano. "Mume wangu mnaye ninyi, kwenye simu zenu. Naomba picha yake."