Utani Usiojibiwa

Mwalimu Machibya alipocheka, maktaba nzima ilicheka naye, na Dorcas, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto mbele ya watu, alijua palepale kwamba wakati wa chai alikuwa amemfanyia Selina, mwanafunzi wake, jambo baya.

Ilikuwa siku ya pili ya semina. Walimu wa ushauri nasaha kutoka Kirumba na kata za jirani, na wengine waliovuka kutoka Sengerema, walikusanywa kwenye maktaba ya shule anayofundisha Dorcas. Walikuja kujifunza namna ya kumtambua mtoto anayefanyiwa ukatili, kuipima hali yake na kutoa taarifa. Mwezeshaji wao, Teodora, ofisa ustawi wa jamii mwenye sauti ya kukwaruza, hakupenda kuhutubia. Alipenda maigizo.

"Mmoja awe mtoto, mwingine mshauri," alisema. "Mtoto aseme neno ambalo amewahi kulisikia kweli. Tuone mshauri atalipokeaje."

Dorcas alilichukua neno lililokuwa bado la moto masikioni mwake. Wakati wa chai, Selina wa darasa la nne alimfuata nyuma ya maktaba, ufagio mkononi. Siku hizi, masomo yakiisha, alikuwa akibaki kufagia darasa hata kama si zamu yake. Dorcas alimuuliza kwa nini hakimbilii nyumbani kama wenzake.

"Bibi anakuwa sokoni Mwaloni kwenye dagaa. Nyumbani yupo babu."

"Si ndiyo vizuri? Kampikie."

"Ananiita mke wake."

Dorcas alicheka. Nani asingecheka? Usukumani kote, na kwao Ukerewe pia, babu humwita mjukuu wake wa kike mke, na hakuna anayegeuza shingo. "Kumbe una mume! Sasa mumeo amekukosea nini?"

Selina alitabasamu kwa midomo tu, akaondoka na ufagio wake.

Sasa, katika igizo, Dorcas alisema vilevile: "Babu ananiita mke wake." Machibya, aliyekuwa mshauri, alijipiga paja. "Mwambie alete mahari kwanza!"

Kicheko kikamwangukia Dorcas kama maji ya ndoo. Alikaa pale kwenye kiti kifupi, magoti yamemfikia kifuani, akahisi kwamba kama angekuwa na neno la pili, sasa lingekuwa limesharudi tumboni.

"Mtoto, endelea," Teodora alisema.

"Siendelei. Ameshacheka."

Teodora alimsogelea. "Huyu mtoto yupo?"

"Yupo. Yuko darasani kwake sasa hivi."

"Jamani, tusitiane wazimu!" Machibya alisimama. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na watoto wa shule yake walimpenda. "Huo ni utani. Mkianza kuripoti kila mzee anayemwita mjukuu mke, gereza la Butimba litajaa kabla ya Ijumaa. Babu yangu mwenyewe mngemkuta huko, na fimbo yake."

Justa, mwalimu wa Sengerema, alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Mimi babu aliniita mke mdogo mpaka anakufa. Bibi naye ananifukuza jikoni, eti mke mwenza nenda kwako!"

"Na wewe ulikuwa unamjibuje babu?" Dorcas aliuliza.

"Namwambia simtaki, kibogoyo, miguu kama ya korongo wa pale sokoni. Alikuwa anafurahi huyo!"

"Mimi nilimwambia wangu akaoge kwanza ndipo aje kuchumbia." Dorcas aliinuka kwenye kile kiti. "Sote tulijibu. Utani ni kurushiana, Mwalimu Machibya. Selina hakujibu kitu. Wala hakuja kunichekesha. Nilimuuliza kwa nini haendi nyumbani, akanipa hiyo kuwa sababu. Na mimi nikamcheka."

Justa aliacha kufuta macho. Huko nje kulikuwa na kelele za mpira.

"Lakini huo si ushahidi," Machibya alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nani amekuomba ushahidi?" Teodora alimjibu. "Hiyo ni kazi ya polisi na daktari. Mwenzako ana shaka yenye sababu. Inatosha kuniletea mimi, na ameshaniletea."

"Selina wa Mzee Chenge? Huyo babu yake namfahamu, tunasali naye. Ni mzee wa kanisa. Tumwite, tumuulize kistaarabu, yaishe ndani kwa ndani."

"Ukimwita, leo mtoto atalala nyumba moja na mtu anayejua kwamba amesemwa. Wewe utalala kwako."

Machibya akakaa.

Teodora alimgeukia Dorcas. Swali liwe wazi, la kumwacha mtoto aseme mwenyewe, alimkumbusha. Usimwekee maneno mdomoni. Usimwahidi siri. "Nenda sasa, kabla hawajatoka."

"Alinichagua mimi, nikamcheka. Nenda wewe."

"Mimi hanijui. Nenda."

Kengele ilikuwa imelia na wenzake wameshatoka; Selina alikuwa peke yake, anafagia chini ya madawati palipokwisha kufagiliwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Dorcas alikaa kwenye dawati la mbele ili asiwe mrefu kuliko yeye. "Wakati wa chai uliniambia jambo."

"Nilikuwa natania tu."

Neno hilo lilimchoma, maana ni kicheko chake kilichompa mtoto. "Nilicheka, Selina. Nilikosea. Sikukusikiliza. Sasa nimekuja kusikiliza."

Ufagio ukaendelea. Dorcas aliung'ata ulimi. Maswali yalikuwa yamepanga foleni, amekushika, amekupiga, lini, wapi, na kila moja lingekuwa neno lake yeye, si la mtoto. Akayameza.

"Nikisema, bibi atajua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wa huruma: itakuwa siri yetu. "Atajua," Dorcas alisema. "Sitakudanganya. Kuna mama yuko maktaba, kazi yake ni kuwalinda watoto. Nitamwambia yeye. Na bibi ataambiwa."

Selina alitazama mlango. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Dorcas aliamini amempoteza, na kwamba atatoka, atarudi nyumbani, na hatasema tena kwa mtu yeyote mpaka awe mtu mzima.

"Akiniita hivyo bibi akiwepo, bibi anacheka," Selina aliuambia ufagio. "Bibi asipokuwepo, anafunga mlango."

"Halafu?"

Akasema. Alisema kwa maneno machache ya kitoto, na Dorcas hakuongeza lolote isipokuwa "halafu". Maneno yenyewe ni ya Selina. Angelazimika kuyarudia kwa watu waliostahili kuyasikia, na hao walikuwa wengi kupita kiasi tayari.

Dorcas alipomweleza, Teodora alipiga simu kwa dawati la jinsia na watoto la polisi hapohapo, amesimama. Machibya alikuja mlangoni, hana hata mzaha mmoja mfukoni. "Nimfuate bibi yake Mwaloni?" aliuliza. "Nimwambie nini?"

"Mwambie mjukuu wake anapelekwa hospitali, ni mzima, na anamhitaji. Basi."

Bibi alifika hospitali jioni, bado amevaa aproni, mikono inang'aa magamba ya dagaa. Dorcas aliinuka kwenye benchi la korido.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba haikuja.

"Umenivunjia nyumba, mwalimu. Majirani wamenipigia simu, polisi wamemchukua mzee mbele yao. Kwa utani! Kwenu hamtaniani?"

"Tunataniana, bibi."

"Ungeniita mimi kwanza. Mimi si mtu?"

Semina ilikuwa na jibu la swali hilo, na Dorcas alilijua. Hakulitoa. Macho ya mama huyu hayakuwa kwa Dorcas. Yalikuwa kwenye mlango wa daktari.

Mlango ulifunguka. Selina alitoka na Teodora, sweta ya shule imefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Teodora alieleza kwa upole kwamba leo mtoto atalala kwa familia ya kuaminika, mpaka uchunguzi uishe.

"Kwa watu baki? Na mimi nipo?" Bibi alipiga hatua moja. Selina akarudi nyuma hatua moja.

Bibi aliiona. Akasimama, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Kisha, kwa sauti ambayo Dorcas hakuitegemea, aliuliza, "Umekula?"

Selina alitikisa kichwa kukataa. Akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi.

Bibi hakumvuta. Alikaa upande wa pili, akafungua kifuko chake, akatoa chapati iliyofungwa kwenye karatasi. Akaisukuma juu ya benchi kuelekea kwa mtoto, kisha akauondoa mkono na kuuficha chini ya aproni. Wote wawili wakaitazama.