Upande wa Chini wa Meza

Kaka yangu hajui kupima. Anajua kusema, anajua kucheka na wateja, anajua kugonga mbao kwa vidole na kumhakikishia mtu kwamba kabati hili atalirithi mjukuu, lakini mpe futi na penseli uone anavyokumbuka ghafla kwamba kuna simu hakuipokea. Aliyekuwa anapima ni mimi. Karakana nzima waliniita Milimita. Jina hilo alinipa yeye, kwa kejeli, siku nilipokataa mlango wake usipelekwe kwa mteja kwa sababu ulikuwa umepungua milimita moja upande wa bawaba.

Karakana ilikuwa ya baba. Alipofariki tukabaki nayo sisi wawili, Kaka akakaa mbele na wateja, mimi nikabaki nyuma na vumbi. Sikuona ubaya. Vumbi nalipenda, wateja wananichosha. Ila kuna kitu kimoja baba alinipa mimi peke yangu: ubao wa mkangazi, kipande kimoja, mrefu karibu mita mbili na mpana kiasi kwamba mikono yangu haifiki kingo zote mbili, usio na kiungo wala fundo. Alilitamka hilo kitandani hospitalini, tukiwa tumesimama wote wawili, kwamba ubao ule ni wa huyu binti. Kaka aliitikia kwa kichwa. Nilimwona akiitikia. Niliuweka juu kwenye boriti za karakana, nikaufunika shuka, ukakaa miaka kumi na tisa nikiisubiri kazi itakayoufaa.

Kazi yenyewe ililetwa na jaji, mama mmoja mstaafu ambaye siku hizi anasuluhisha kesi za watu akiwa nyumbani kwake, kwa simu na kompyuta. Alifika Kaka akiwa hayupo. Shida yake ilikuwa waya. Nilipokwenda kwake nikajionea: chumba kilichokuwa cha binti yake aliyeolewa, meza nyembamba ya chuma, na juu yake waya wa simu ya kazi, wa simu ya nyumbani, wa vidude vya masikioni, wa taa, zote zimesokotana zikashuka sakafuni. Alishajikwaa mara mbili. Mara ya tatu aliivuta simu ikaanguka katikati ya kikao, na wale ndugu wawili waliokuwa wakigombania nyumba wakadhani amewakatia kwa hasira. Alitaka meza ambayo ukiilaza simu juu yake inaingia chaji yenyewe, bila waya kuonekana popote.

Nikamweleza inavyofanyika. Chaja ya namna hiyo ni kidude cha duara chenye unene wa biskuti, na hakiwekwi juu, kinafichwa kwa chini. Unaupindua ubao, unachimba shimo la duara, unaishia pale zinapobaki milimita nne tu za mbao, halafu unakipachika humo. Zikibaki nane, nguvu ya chaja haifiki kwenye simu. Zikibaki mbili, mbao inapasuka siku mtu atakapoegemea kiwiko. Na kwa sababu juu hapaonekani kitu, nikamwambia nitatia pete nyembamba ya mpingo kuonyesha pa kuweka simu. Wakati nasema hayo alikuwa anaandika, na niliona anaandika kwa mkono wa kushoto. Nikasema basi simu ikae kulia, isimsumbue mkono wa kalamu.

Aliiweka kalamu chini akanitazama. "Fundi," akasema, "maofisi yote niliyokaa, hakuna hata mmoja aliyeliona hilo."

Nilirudi karakanani nikiwa mwepesi kama sijabeba begi la vifaa. Nikamweleza Kaka kila kitu, mjinga mimi: jaji, chumba, pete ya mpingo, na kwamba ule ubao wa baba sasa umepata kazi yake. Nitautengeneza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na upande wa chini nitaandika jina langu kwa penseli, kama baba alivyokuwa akiandika lake. La mkono wa kushoto tu ndilo sikumtajia. Nadhani nililisahau, au nililibania.

Baada ya wiki mbili jaji akaja kuutazama ubao. Mimi nilikuwa nyuma napiga msasa, nikasikia sauti ya Kaka, ile anayoitumia kwa wakubwa. Alikuwa anamweleza jinsi wazo la pete lilivyomjia akiwa anaoga. Akamweleza habari za milimita nne kama mtu aliyezizaa. Halafu akaupapasa ubao wangu akasema kwamba marehemu mzee alimwachia yeye, mtoto wa kwanza, na kwamba hangempa mteja mwingine yeyote.

Nilitoka na vumbi langu usoni. Kaka hakutetereka hata kidogo. Aliniwekea mkono begani akasema, "Huyu ni mdogo wangu, Mheshimiwa. Ananisaidia kupiga msasa."

Jaji alinitazama, akasubiri. Mimi nikanyamaza. Nyumbani kwetu mkubwa hapingwi mbele ya mgeni, tumelelewa hivyo, na nilipolikumbuka hilo baadaye nililia kwa hasira chooni, bomba nikiwa nimelifungulia ili wafanyakazi wasinisikie. Miaka kumi na tisa nimempimia kila mlango, kila droo, kila kitanda anachosifiwa, leo nimekuwa mpiga msasa.

Jioni nilimwuliza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema mteja anahitaji kusikia mdomo mmoja. Akasema ubao uko ndani ya karakana, kwa hiyo ni wa karakana. Akasema kazi hii ataifanya kwa mikono yake mwenyewe, maana jaji atawaita mawakili wenzake kuiona, na itakuwa aibu wamwulize kitu asijue ajibu nini. "Wewe nipe mchoro tu, mdogo wangu," akasema. "Kishimo kimoja hiki, kitanishinda nini?"

Nikampa mchoro.

Hapa lazima nieleze kitu. Kazi ya chini ya meza baba alifundisha kuichora jinsi utakavyoiona ubao ukiwa umepinduliwa, ukingo wa mbele ukiwa tumboni kwako. Ukiupindua ubao, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo simu ya jaji, iliyotakiwa kukaa kulia kwake, kwenye karatasi ilikuwa kushoto. Ndiyo maana kila mchoro wa namna hiyo huandikwa pembeni kwa herufi kubwa: UBAO UMEPINDULIWA. Bila maneno hayo hata fundi mzoefu anaweza kuchanganyikiwa. Kaka, siku baba anafundisha, alikuwa mbele akicheka na wateja.

Nilichukua kifutio, nikayafuta. Nilifuta taratibu, nikapuliza ule unga wa kifutio, nikaikunja karatasi vizuri nikamkabidhi. Roho yangu ilitulia kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya kutwa. Nilitaka aaibike. Nilitaka asimame mbele ya jaji na mawakili wake, aiweke simu juu ya pete ya mpingo, na isiwake. Hayo tu. Ubao sikuwa na nia mbaya nao.

Alifanya kazi siku nne, amejifungia, hakutaka mtu amsogelee. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, tukaipeleka meza kwa gari. Mimi alinichukua ili nifute vumbi wakishaipanga. Jaji alikuwa na wageni wawili, wakili mmoja mwanamume na mwenzake wa kike, wote wameshika vikombe. Meza iliposimama karibu na dirisha nilimeza mate. Ilikuwa nzuri. Mkangazi ulikuwa umetoka rangi ile nyekundu niliyoiwazia miaka yote, na upande wa kushoto, pete nyeusi imezama bila mwanya hata wa kuingiza ukucha.

Kushoto. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Kaka alitoa hotuba yake. Kisha akamwomba jaji simu, akailaza katikati ya pete, akarudi nyuma mikono ikiwa mgongoni. Simu haikuwaka. Akaisogeza. Akaipindua. Akaomba ya wakili, nayo ikalala pale kimya. Wakili wa kike akakohoa kidogo ndani ya kikombe. Nilimtazama Kaka jasho likimtoka juu ya mdomo, na nikajisemea moyoni, haya, piga domo sasa tukusikie.

Alisema chaja itakuwa imechomoka njiani. Tukatandika blanketi sakafuni, tukaipindua meza, na hapo akaliona: chaja imekaa imara kabisa, ila iko upande mwingine, mbali na pete. Alipima pete kwa mchoro, ubao ukiwa umelala uso juu. Akapima shimo kwa mchoro huohuo, ubao ukiwa umepinduliwa. Aliutoa mchoro mfukoni, akaulinganisha na ubao, akauacha uanguke sakafuni; alielewa palepale, si mjinga. Lakini badala ya kukiri alicheka akasema ni jambo dogo, atachimba shimo jingine chini ya pete, ruta ya kuchimbia iko garini, dakika kumi tu.

Mimi nilijua mambo mawili ambayo yeye hakuyajua. La kwanza, chaja ilikuwa tayari mahali jaji alipopataka, kulia kwake. Kilichokosewa ni pete tu, na pete ya pili ni kazi ya asubuhi moja. La pili nililiona aliporudi na mashine. Ruta ina kikomo, chuma kidogo kinachoizuia isichimbe kupita kina ulichopima, nacho hukazwa kwa skrubu. Skrubu ile ilikuwa imelegea. Niliiona inacheza.

Jaji naye alinigeukia. "Na wewe, dada," akaniuliza, "una la kusema?"

Chumba chote kilinitazama. Kaka alikuwa amepiga magoti juu ya ubao wa baba, na macho yake yaliniambia ninyamaze. Neno moja lilitosha. Kaza. Au hata, acha. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Mimi napiga msasa tu, Mheshimiwa," nikasema.

Akawasha mashine. Ililia vizuri mwanzoni, vumbi jekundu likaruka, halafu sauti ikabadilika ikawa nzito, ikakwama, na pamba za blanketi zikaanza kutoka kwenye lile shimo. Alizima akiwa amechelewa. Tulipouinua ubao, katikati ya pete ya mpingo palikuwa na tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe, kingo zake zimechanika, na mwanga wa dirisha unapita.

Kaka alibaki kashika mashine kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi, na furaha ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu. Kisha nikauona ubao.

Jaji aliuokota mchoro sakafuni, akaenda nao dirishani, akauinua kwenye mwanga. Akapitisha kidole pembeni, pale karatasi ilipokwaruzwa na kifutio.

"Fundi," akasema, na hakuwa anamtazama Kaka. "Hapa pembeni paliandikwa nini?"

Nikamwambia. Akauliza nani aliyafuta. Nikamwambia ni mimi. Kaka aligeuka akanitazama, na sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya mazishi ya baba.

Jaji aliukunja mchoro. "Meza hii ni yako, nililijua hilo tangu siku ile karakanani," akasema. "Mpiga msasa haangalii mteja anaandika kwa mkono gani. Siku ile nilikusubiri useme. Leo nimekuuliza kabisa."

Hakutugombeza. Aliwaomba wageni wahamie sebuleni, akasema meza atamtafuta mtu mwingine amtengenezee, na kwamba ubao niuchukue mimi, asionekane mtu mwingine akiubeba. Kaka aliondoka na gari peke yake. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ile na ubao wangu wenye tundu hadi nilipopata gari la kukodi.

Karakanani sikurudi. Nafanya kazi zangu nyumbani, na ubao ule ndio meza yangu ya kuchorea. Tundu sikuliziba. Waya wa chaja ya kawaida unapita humo humo, unatokeza katikati ya pete ya mpingo, na wateja wangu wakija husifu ubunifu huo. Kaka hupiga simu mara mojamoja. Simu hutetemeka juu ya mkangazi, mimi naendelea kuchora.

Jina langu upande wa chini bado sijaliandika. Mwaka huu nilijaribu, nikaingia chini ya meza na penseli, na hapo ndipo nilipoliangalia vizuri kwa mara ya kwanza lile shimo lake la kulia, lile lenye chaja. Kingo zimenyooka, ndani pamesuguliwa kwa msasa laini. Niliitoa chaja nikapima mbao iliyobaki, nikitafuta kosa. Nikapima mara tatu, sehemu tatu tofauti. Milimita nne, nne, nne.

Nikairudisha chaja mahali pake. Inafanya kazi mpaka leo. Siitumii.