Kwao Hawafiki Arobaini

Hawa alichoka kungoja. Mahari ilikwisha kupokewa, lakini kila tarehe ya ndoa ilipokaribia, mchumba wake Kamaldine alipata safari ya Salamabila kuuza vipuri vya pikipiki. Hawa alipombana, Kamaldine akamwambia ukweli. Baba yake alianguka shambani akiwa bado kijana, akafa. Kaka yake vilevile. Moyo.

"Sitaki kukuacha mujane," akasema.

"Basi twende hospitali."

Pale Kasongo walipokewa na daktari Léontine, mwanamke mpole. Alimpima Kamaldine presha, ikawa nzuri. Sigara havuti, sukari hana. Daktari akautazama mwongozo wa hatari ya moyo uliobandikwa ukutani, akatabasamu.

"Huu unaanzia miaka arobaini. Wewe uko na thelathini na mbili. Rudi nyumbani, uko muzima."

Kamaldine akainuka. Hawa akabaki kitini.

"Mama Docta, kwao wanaume hawafiki arobaini. Atapimwa lini?"

Daktari akasogeza kiti chake karibu nao.

"Nielezeni vizuri. Nani alikufa, na alikuwa na umri gani?"

Wakazungumza mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kunung'unika. Halafu daktari akamwomba Kamaldine avue viatu. Juu ya visigino, kwenye ile mishipa minene, palikuwa na vinundu vigumu. Kamaldine alidhani vililetwa na viatu vya kubana.

"Mwongozo unahesabu miaka," daktari akasema taratibu. "Ukoo hauuoni. Na mimi nilikuwa nakurudisha nyumbani."

Damu ilipelekwa Bukavu. Majibu yakaja: mafuta mengi mno damuni, ya kurithi, ndiyo yaliyoganda visiginoni kuwa vinundu na ndiyo yanayoziba mishipa ya moyo.

"Dawa iko," daktari akasema. "Utakunywa kila siku. Na wadogo zako uniletee wote."

"Kila siku mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke."

Kamaldine alicheka hadi machozi yakamtoka. Neno hilo hakuna mwanaume wa kwao aliyewahi kuambiwa. Walipotoka nje akamuuliza Hawa anataka ndoa siku gani.

"Ijumaa hii," Hawa akajibu, "kabla haujapata safari."

Ijumaa hiyo pilau ilipikwa kwa masufuria makubwa. Mama yake Hawa alimwondolea Kamaldine nyama yenye mafuta, akamwekea samaki, na bwana harusi hakubisha. Daktari Léontine alikaa mkekani na wanawake, akila kwa mkono. Ngoma ilipokolea, mama yake Kamaldine, ambaye hakuwa amecheza tangu amzike mwanawe mkubwa, alikaza kitenge kiunoni akaingia katikati.